Hiari katika mwili wa atomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi. Kila mwaka, tukimaliza sheria za mwendo za Newton, kuna mwanafunzi anayebaki darasani kengele ikishalia. Anakunja daftari, anasogea mezani, na swali lake ni lile lile: mwalimu, kama kila kinachosogea kinasogezwa na kani, na mimi mwenyewe ni mwili unaosogea, basi anayeamua ni nani? Maswali yaliyo hapa yametoka kwa wanafunzi hao, kwa wazazi wao, na kwa majirani wa barazani kwetu Tanga. Nimeyajibu kwa msimamo wangu. Penye ubishi wa kweli kati ya wataalamu nimeuonyesha.

Tatizo lenyewe ni lipi hasa?

Mwili wako umejengwa kwa oksijeni, kaboni, haidrojeni, naitrojeni, kalsiamu na fosforasi, pamoja na vitu vingine kidogo kidogo. Ni vitu vile vile vilivyomo kwenye udongo, hewa na maji ya bahari. Ubongo wako una nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86, na kila nyuroni inapotuma ishara, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu huingia ndani ya utando wake na za potasiamu hutoka. Hakuna maabara iliyowahi kuona ioni hata moja ikipinda njia yake kwa sababu mwenye ubongo "ameamua". Zinafuata umeme na wingi wa chumvi ndani na nje ya utando, basi.

Sasa nyosha mkono uchukue kikombe cha chai. Msuli umejikunja kwa sababu neva imeuamuru. Neva imeamshwa na nyuroni za ubongo, nazo zimeamshwa na nyingine, na zote zimekuwa zilivyo kwa sababu ya jeni, chakula, malezi, usingizi wa jana na maneno uliyosikia asubuhi. Ukiufuata mnyororo huo nyuma utafika kabla hujazaliwa. Mwanafunzi wangu anataka kujua: kwenye mnyororo huu, mimi niliingilia wapi?

Lugha yetu inalijua swali hili. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tunasema pia msiba wa kujitakia hauna kilio. Ya kwanza inamwondolea mtu lawama na kuipeleka kwa mlezi. Ya pili inamrudishia mwenyewe yote. Zote mbili tunazitumia, na mimi naamini zote mbili ni za kweli. Kazi iliyobaki ni kuonyesha zinakaaje nyumba moja.

Hiari, utashi, uhuru wa kuamua: ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kila siku hatuyatenganishi sana, na vitabuni utakutana na "utashi huru". Mimi napenda "hiari", na nina sababu. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi ule ule uliotupa "heri". Kwa asili yake, kutenda kwa hiari ni kuchagua lile unaloliona lina heri zaidi. Ndani ya neno hakuna dai la kutenda bila sababu. Kuna mtu, kuna mambo mawili mbele yake, na kuna kupima.

"Ajali" nalo lina historia yake. Leo ni basi kupinduka. Zamani, na bado hivyo katika methali ajali haina kinga, ni ule muda aliokadiriwa mtu, siku yake iliyoandikwa. Neno limehama kutoka kilichopangwa mpaka kilichotokea bila kupangwa. Nimekaa na badiliko hilo muda mrefu, maana ubishi wa hiari umebanwa katikati ya maana hizo mbili. Wengine wanaogopa kwamba kila kitu kimepangwa, wengine wanaogopa kwamba kila kitu ni bahati nasibu, na kila mmoja anadhani hiari imejificha upande wa mwenzake.

Fizikia inasema kila kitu kimekwisha kupangwa?

Iliwahi kusema hivyo. Sheria za Newton za mwaka 1687 zinataka vitu vitatu tu: kitu kiko wapi, kinakwenda kwa kasi gani, na kani gani zinakisukuma. Ukivijua hivyo, kesho unaipiga hesabu. Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace alilifikisha wazo hili mwisho wake. Alifikiria akili inayojua mahali pa kila chembe na kila kani kwa wakati mmoja. Kwa akili hiyo, alisema, hakuna kitu ambacho kingekuwa na mashaka, na wakati ujao ungekuwa mbele ya macho yake kama uliopita.

Karne ya 20 ikaja na fizikia ya kwanta, ile ya atomu na chembe ndogo kabisa. Mwaka 1926 Max Born alionyesha kwamba milinganyo ya fizikia hiyo inatoa uwezekano, haitoi uhakika. Mwaka uliofuata Werner Heisenberg akaonyesha kwamba mahali na mwendo wa chembe haviwezi kuwa na thamani kamili kwa pamoja. Chukua kaboni-14, ile inayotumika kupima umri wa mifupa ya kale. Baada ya miaka 5,730 hivi nusu ya atomu zake zitakuwa zimebadilika. Lakini uniulize atomu hii moja itabadilika lini, na hakuna kitu ndani yake, kwa kadiri tunavyoielewa fizikia ya kawaida, kinachoamua leo au baada ya miaka elfu.

Je, labda kuna sababu iliyofichika ambayo hatujaiona? Mwaka 1964 John Bell alitafuta namna ya kulipima hilo, na majaribio ya John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022, yakaondoa aina nzima ya sababu zilizofichika: zile ambazo kila chembe ingezibeba kimya kimya bila kuathiriwa papo hapo na kilicho mbali. Hata hivyo mlango haukufungwa wote. David Bohm mwaka 1952 na Hugh Everett mwaka 1957 walitoa namna za kuisoma kwanta ambamo hakuna bahati nasibu kabisa. Kwa hiyo anayekwambia "sayansi imethibitisha kila kitu kimepangwa" amepitiliza, na anayesema "sayansi imethibitisha hakijapangwa" amepitiliza vilevile.

Hapa kuna jambo moja linalonigusa. Majaribio ya Bell yanahitaji mtu achague kipimo gani apime, na uchaguzi huo usitegemee chembe zinazopimwa. Tarehe 30 Novemba 2016 watu zaidi ya 100,000 duniani walibonyeza sifuri na moja kwenye simu na kompyuta zao, na mifululizo yao ikatumwa kwenye maabara za mabara matano ili ndiyo ichague vipimo. Wanafizikia waliazima hiari ya watu ili kuihoji dunia.

Basi bahati ya kwanta ndiyo inayotupa hiari?

Hapana. Najua wengi wanalipenda jibu hilo, lakini litazame kwa karibu. Tuseme atomu moja ndani ya ubongo wako imebadilika kwa bahati tupu, na kwa sababu hiyo umemtukana mama yako. Hukutaka, hukupima, hukujua. Tendo hilo ni lako kidogo kuliko lingekuwa kama lingetokana na hasira yako mwenyewe. Bahati nasibu haina mwenyewe. Hatuokolewi na mnyororo kukatika.

Kama hakuna awezaye kunitabiri, je, hilo si ndilo uhuru?

Si lenyewe, ingawa ni jirani yake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, halina dadu, na hakuna kilichofichwa machoni. Ukishachagua shimo na upande, kila kete inajua pa kwenda: unapanda, unakula, unaendelea, mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu ulale. Hakuna bahati hata chembe. Na bado mzunguko mmoja mrefu humshinda mtu mzima kuukamilisha kichwani, na fundi anayeuona mpaka mwisho watu humwinukia. Edward Lorenz mwaka 1963 alionyesha jambo la namna hiyo katika hali ya hewa: sheria ngumu, hakuna bahati, na utabiri wa mbali hauwezekani kwa sababu tofauti ndogo mwanzoni hukua. Mawingu hayatabiriki, lakini hayana hiari.

Bao lina funzo lingine. Ukiweza kula, lazima ule. Kanuni haikupi ruhusa ya kukataa. Mchezaji amebanwa na kanuni pande zote, na humo humo ndani ya kubanwa ndimo ufundi wake unapoonekana. Ukiziondoa kanuni hutampa fundi uhuru zaidi. Utambakishia kete na ubao.

Majaribio ya Libet si yalikwisha kuonyesha kwamba ubongo huamua kabla yetu?

Nitajibu kwa kirefu, maana hakuna jaribio linalonukuliwa vibaya kuliko hili.

Mwaka 1965, huko Freiburg, Ujerumani, Hans Kornhuber na Lüder Deecke waligundua kwamba kabla mtu hajasogeza kidole kwa kupenda kwake, umeme unaopimwa juu ya fuvu huanza kubadilika polepole. Mwaka 1983 Benjamin Libet, huko San Francisco, akaongeza saa. Mtu alikaa akitazama nukta ya mwanga ikizunguka duara mara moja kila sekunde 2.56. Aliambiwa akunje kiganja wakati wowote atakapojisikia, kisha aseme nukta ilikuwa wapi alipohisi ile nia kwa mara ya kwanza. Kwa wastani umeme ulianza kubadilika milisekunde 550 hivi kabla ya mkono kusogea. Nia ilihisiwa milisekunde 200 hivi kabla. Yaani ubongo ulitangulia kwa theluthi moja ya sekunde. Mwaka 2008 John-Dylan Haynes na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakichagua kitufe cha kulia au cha kushoto, na wakaona dalili za chaguo sekunde kadhaa kabla, mpaka kufikia 10.

Sasa polepole. Matokeo ya 2008 yalibashiri kwa usahihi wa asilimia 60 hivi, na sarafu ukiirusha inakupa 50. Hiyo ni dalili ya mwelekeo, haitoshi kuitwa uamuzi uliokwisha.

Kubwa zaidi ni ule umeme wenyewe. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walitoa maelezo ambayo mimi huyaeleza kwa bahari. Simama ufukweni maji yakijaa na uchague jiwe moja. Mawimbi yanapanda na kushuka bila mpango. Kila wimbi linapoligusa jiwe, piga picha ya sekunde iliyotangulia. Kusanya picha mia, uziweke moja juu ya nyingine. Zote zitaonyesha maji yakipanda kuelekea jiwe, kwa sababu umechagua tu zile nyakati ambazo yalifika. Hakuna mahali bahari ilipoamua mapema. Ubongo nao una mawimbi yake ya umeme yasiyotulia. Ukimwambia mtu akunje kiganja wakati wowote, bila sababu yoyote, wimbi lolote litakalofika juu kidogo linatosha kumsukuma. Tukitazama nyuma tunaona mpando, na tunaudhania mpango.

Na ni tendo gani lililopimwa? Kukunja kiganja bila sababu. Mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake waliwapa watu chaguo lenye uzito, wakiamua ni shirika lipi la misaada lipewe fedha za kweli. Ule umeme wa Libet, uliokuwepo wazi kwenye chaguo la ovyo, kwenye chaguo la kupima haukuonekana au ulipungua sana. Libet mwenyewe, kwa taarifa yako, hakuwahi kusema hiari haipo. Aliamini mtu ana nafasi ya kulizuia tendo kabla halijatokea.

Ninachokichukua kwenye utafiti huu ni kwamba hakuna mtu mdogo aliyekaa nje ya ubongo akibonyeza vitufe. Hilo nalikubali bila kinyongo. Anayeamua ni ubongo wangu ukifanya kazi yake, na kazi hiyo huchukua muda. Sioni kwa nini kuamua kuchukue muda sifuri ili kuwe kwangu.

Mbona ugonjwa na dawa vinabadili utashi? Hiyo si ishara kwamba sote ni mashine?

Ni ishara kwamba hiari ina mwili, na mwili huugua. Dawa fulani za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, zile zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo, zimewafanya baadhi ya wagonjwa kuanza kamari isiyozuilika, au kununua vitu mfululizo, au kula bila kikomo, watu ambao maisha yao yote hawakuwa hivyo. Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, mara nyingi tamaa huondoka. Mwaka 1966 huko Austin, Marekani, Charles Whitman alimuua mama yake na mke wake, kisha akapanda mnara wa chuo kikuu na kuwapiga watu risasi. Aliacha barua akiomba ubongo wake uchunguzwe, na uvimbe ukakutwa. Madaktari hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba uvimbe ndio uliomtuma. Lakini ukishasikia habari hiyo, hukumu yako juu ya mtu huyo haibaki ilivyokuwa.

Niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Barazani kwetu kuna mzee tuliyemwita Babu, mcheza bao wa miaka, aliyepata ugonjwa huo wa kutetemeka. Mkono wake wa kulia ukiwa umelala pajani ulitikisika kama uzi wa mshipi wenye samaki. Akiunyosha kuchota kete ulitulia kiasi, kisha katikati ya kupanda vidole vikampoteza, kete mbili zikaanguka shimo moja. Hakuna aliyesema neno. Jirani aliokota moja, akairudisha kiganjani mwa Babu, mchezo ukaendelea. Mchezo wa tatu baadaye Babu aliacha kichwa chake, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, wazi kwa tamaa ya kula, akaona kosa lake kete zikishapandwa, akaomba kurudia. Baraza zima ikakataa kwa sauti moja, naye akacheka akakubali.

Kete iliyomponyoka na kete aliyoiweka zilitoka kwenye mkono ule ule. Zote zilianguka kwa uzito ule ule, zikisukumwa na neva, misuli na ioni. Hata moja haikukosa sababu za kifizikia. Na bado watu wale, ambao hakuna hata mmoja aliyesoma falsafa, walijua kwa hakika ipi ni ya Babu na ipi si yake. Ile iliyowekwa ilipita kwenye kuona kwake ubao, kutamani kwake kula, kuhesabu kwake na kukosea kwake. Ingekuwa ubao umekaa vingine, angeiweka kwingine. Ile iliyoponyoka isingejali ubao umekaaje. Nikiulizwa hiari iko wapi ndani ya mwili wa atomu, nawaonyesha tofauti hiyo. Ni tofauti ya kweli, inapimika, na fizikia haijaigusa.

Lakini sababu zako hukuzichagua. Hilo unalijibu vipi?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na sitajifanya ni nyepesi. Mwaka 1983 mwanafalsafa Peter van Inwagen aliipanga hivi: ikiwa kila kitu kimeamuliwa na sheria za maumbile pamoja na hali ya dunia kabla ya sisi kuzaliwa, na ikiwa sheria hizo haziko mikononi mwetu wala hali ile ya kale haiko mikononi mwetu, basi kinachofuata nacho hakiko mikononi mwetu. Mwaka 1994 mwanafalsafa mwingine, Galen Strawson, akabana zaidi: ili uwe na dhamana ya mwisho ya unachotenda, lazima uwe na dhamana ya vile ulivyo, na hakuna aliyejiumba.

Dhamana ya mwisho kabisa, ile ya kujiumba mwenyewe tangu mwanzo, nakubali hatuna. Sijui ni kiumbe gani angeweza kuwa nayo. Lakini natofautiana na neno "mikononi". Kitu kuwa mikononi mwangu ni kwamba kinafuata nia yangu, na nia yangu inafuata sababu ninazoziona. Babu hakujichagulia tamaa ya kula, lakini mchezo uliofuata alikumbuka kosa na akakilinda kichwa. Mtu anaweza kuyatazama matakwa yake, akachukizwa na moja, akalipinga miezi na miaka. Mvutaji sigara anayetafuna tangawizi kila tamaa inapomjia anafanya kazi hiyo, na anaifanya kwa nyuroni zake. Hatuumbi tulivyo kutoka kwenye utupu, tunajirekebisha kwa vifaa tulivyopewa, na vifaa hivyo havikugawiwa sawa. Hilo la mwisho linauma, na linapaswa kutubadilisha tunavyohukumu.

John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, aliwaza mtu aliyebebwa akiwa usingizini hadi chumba kimoja, mlango ukafungwa kwa nje. Anaamka, anamkuta rafiki aliyemkosa siku nyingi, anakaa kwa furaha. Hakuweza kutoka, lakini anakaa kwa kupenda. Waswahili tunasema hiari yashinda utumwa. Mlango uliofungwa ni jambo moja, na kinachomkalisha mtu ni jambo lingine.

Robert Sapolsky anasema hiari haipo kabisa. Umemsoma?

Ndiyo, na namheshimu. Ni mwanasayansi wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Stanford, na kwa miaka mingi alikuwa akija Kenya kufuatilia makundi ya nyani na kupima homoni za msongo katika damu yao. Mwaka 2023 alitetea kwa nguvu kwamba hakuna hiari hata kidogo: nyuma ya kila tendo kuna sekunde iliyopita, homoni za asubuhi, utoto, tumbo la mama na utamaduni wa mababu, na hakuna mwanya. Mwaka huo huo Kevin Mitchell, mtaalamu wa jeni wa Dublin, alitetea kinyume: kwamba viumbe hai ni watendaji wa kweli, na kwamba uwezo wa kuchagua umekua katika mageuzi ya viumbe kama ulivyokua uwezo wa kuona.

Sapolsky yuko sahihi kuhusu bahati, yaani vile tulivyopewa bila kuvichagua. Anakumbusha kwamba kifafa kiliwahi kuhesabiwa kuwa kazi ya shetani na watu wakateswa kwa ajili yake. Kwetu pia mtoto wa kifafa bado anafichwa chumba cha uani. Kila tulipoelewa sababu tulipunguza ukatili, na kwa hilo niko naye mpaka mwisho. Ninapoachana naye ni pale anapodai hiari ya kweli ingehitaji nyuroni isiyosababishwa na chochote. Nyuroni ya namna hiyo ingekuwa kete iliyoponyoka.

Kama yote yana sababu, kwa nini nijitahidi? Si litakalokuwa litakuwa?

Swali hili lina zaidi ya miaka elfu mbili. Wagiriki waliliita hoja ya mvivu. Mgonjwa anasema: kama nimeandikiwa kupona nitapona nikimwita daktari au nisipomwita. Krisipo, mwanafalsafa wa Kistoa, alijibu kwamba kupona kwako na kumwita daktari vimefungwa kamba moja.

Chandarua hakizuii malaria licha ya sheria za maumbile. Kinaizuia kwa sheria hizo hizo: mbu hapiti kwenye tundu dogo kuliko mwili wake. Uamuzi wako wa kukichomekea chini ya godoro leo usiku ni mojawapo ya sababu. Ukiuondoa, matokeo yanabadilika. Jitihada haiondoi kudura, wanasema wazee, na ni kweli, kwa maana jitihada ni sehemu ya njia ambayo kudura inapitia.

Hili si swali lile lile la kadari katika dini?

Ni ndugu, si pacha. Katika karne za mwanzo za Uislamu Majabriya walisema mja anaendeshwa tu, na Makadariya wakasema matendo ni yake mwenyewe. Katika karne ya 10 Abul Hasan al-Ash'ari alishika njia ya katikati: Mwenyezi Mungu huliumba tendo, na mja hulichuma. Mafundisho hayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu pamoja na madhehebu ya Shafi. Kwa Wakristo, Boethius wa karne ya 6 aliandika kwamba Mungu kujua utakachofanya hakukulazimishi, kama mimi kukuona unatembea kusivyokutembeza.

Tofauti na fizikia ni hii: kadari ina mwenye kujua na mwenye kusudi. Mnyororo wa atomu haumtaki mtu mabaya wala mema. Mwanafunzi mwenye imani akiniuliza, humwambia aende kwa shehe wake au padri wake kwa upande huo, maana mimi si mwalimu wake wa dini.

Mahakama inachukuliaje?

Inafanya kama ile baraza. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 9 cha ile ya Kenya, kinasema mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lililotokea bila utashi wake. Vifungu vingine vinamwangalia mwenye ugonjwa wa akili na mtoto mdogo. Tanzania, aliye chini ya miaka 10 hawajibiki. Sheria haiulizi kama atomu zako zilikuwa na sababu. Inauliza kama uliweza kuelewa na kujizuia.

Na akili bandia, ina hiari?

Programu za leo ni sheria na hesabu, lakini hilo peke yake halizinyimi chochote, maana nimekwisha kusema sisi nasi tunafuata sheria. Ningeuliza: kuna kitu chochote kinachoijali? Ikikosea, kuna kinachoiuma? Mpaka nione hivyo, kwangu ni ubao wa bao mkubwa sana.

Nilimkosea mtu vibaya. Nikiamini haya, niache kujuta?

Swali hili lililetwa kwangu na mama mmoja jioni, kwa sauti ya chini, na nilimjibu kwa habari yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimchapa mwanafunzi kwa kosa ambalo hakulifanya. Sababu ziko nyingi na zote ni za kweli. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya tisini. Nilikuwa sijala tangu jana yake kwa kuwa mshahara ulichelewa. Na mimi nilichapwa shuleni miaka yote, mkono wangu ulijifunza hapo. Ukinipa muda nitakupeleka mpaka kwa babu yangu mzaa baba. Lakini fimbo ile haikuniponyoka. Nilimwona akisema "si mimi, mwalimu", nikamsikia, nikaamua kutomsikiliza.

Nilimtafuta miaka kumi na minne baadaye. Alikuwa fundi umeme, nilimkuta akivuta nyaya kwenye nyumba inayojengwa. Nilimwambia nimekuja kwa sababu nilikukosea, ulikuwa unasema kweli. Sikutaja njaa wala mshahara wala babu. Aliteremka ngazi, akajifuta mikono, akakaa juu ya tofali. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza, taratibu, "Mwalimu, siku ile ulikuwa na nini?"

Hapo ndipo nikamweleza.